Kigae cha Daraja la Kingo Mbili

"Andika mradi umefaulu!" Mwenyekiti Namsifu alisema kwa mara ya tatu, na safari hii aliipiga meza ya kukandia udongo mpaka kikombe cha chai kikaruka. "Neno moja tu, mama. Mkono utakuuma?"

"Mkono hauniumi," Sikudhani akajibu. "Lakini kuna kuku ndani ya tanuru lenu. Analalia mayai kumi na moja. Tanuru linalofanya kazi halikaliwi na kuku."

"Kuku huyo si wa mradi!"

"Nimeona. Ndiyo maana ana kazi anayoifanya."

Bwana Mbaruku, aliyesimama kati yao na kopo lake la kumwagilia, akacheka. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni Serikali, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Sikudhani Lukole alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye stashahada ya mipango na ulimi usiozunguka, na aliletwa katika nchi ya Mfinyange kwa kazi moja. Marafiki wa Ng'ambo, watu wema wa nchi ya mbali, walikuwa wameulea kwa miaka kumi na mmoja Mradi wa Kusogeza Maamuzi kwa Wananchi. Sasa walitaka kujua kama maamuzi yamesogea. Walimpa fomu ya maswali arobaini na siku tatu katika kijiji cha Kingo Mbili. Hii ilikuwa siku ya tatu, saa nne asubuhi, na swali la mwisho lilikuwa bado tupu: Je, mradi umefaulu? Andika NDIYO au HAPANA.

Ugomvi wao hauwezi kueleweka na mtu asiyejua sheria za Mfinyange.

Katika nchi hiyo, uamuzi wowote wa wananchi huandikwa kwenye kigae cha udongo mbichi, kipana kama sahani ya wali. Kigae kikiwa kibichi ni matakwa tu. Kikichomwa kikaiva, ni sheria. Ukikigonga kwa ukucha kinalia ngaa, na hapo yeyote anaweza kushika nyundo akaanza kazi. Kabla hakijalia ngaa hakuna anayepigilia msumari, hata paa likimwangukia. Sikudhani alidhani wanaogopa adhabu. Baadaye aligundua kwamba si woga. Ni adabu, kama vile mtu asivyoanza kula kabla wenzake hawajanawa.

Zamani kila kitu kilifanyikia Tanuruni, mji mkuu: udongo ulichimbwa huko, ukakandwa huko, ukachomwa huko. Kisha yakaja mageuzi. Ikatangazwa kwamba madaraka yanashuka vijijini, na watu wakacheza ngoma wiki nzima. Udongo ukashuka kweli. Kukanda nako kukashuka. Kuchoma kulibaki Tanuruni kwa sababu za kitaalamu. Hakuna aliyewahi kuzieleza sababu hizo, kwa kuwa kuzieleza nako kulihitaji utaalamu.

Basi kijiji hukanda, huandika, kisha hupeleka kigae Tanuruni. Ili kisije kikakauka chenyewe kabla ya wakati wake, jambo linalohesabiwa kuwa utovu wa heshima, kila kijiji kimepewa Mnyunyizi wa Serikali. Kazi yake ni kumwagia maji maamuzi ya wananchi asubuhi na jioni, na kuyafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Bwana Mbaruku alikuwa ameifanya kazi hiyo Kingo Mbili kwa miaka kumi na sita. Aliwahi kutunukiwa Nishani ya Ulaini. Ilikuwa ya udongo mbichi, na ikamyeyukia kifuani kwa mvua ya siku ileile ya sherehe, lakini alama yake ya hudhurungi aliiacha kwenye shati bila kuifua.

Njiani kigae hupitia ofisi tisa. Kila ofisi mkuu wake hukibonyeza kwa dole gumba kuhakikisha bado ni laini, na kwa kuwa ni watu waangalifu, hubonyeza kwa nguvu. Kikifika Tanuruni hakina tena maandishi, kina alama za magumba. Tanuruni hawaongezi wala hawapunguzi. Huchoma kilichofika.

Ukutani mwa Nyumba ya Maamuzi ya Kingo Mbili kilining'inia kigae kimoja kilichoiva, kizuri, chekundu. Walikuwa wameomba kisima.

"Kinalia ngaa safi kabisa," Mwenyekiti Namsifu alimwambia Sikudhani siku ya kwanza, akikipangusa kwa upindo wa kanga. "Shida ni kwamba hatujajua kinaturuhusu nini. Magumba tisa. Tukaona tukitundike."

Siku hiyohiyo ya kwanza Sikudhani alipata kioja kingine. Alipoingia tu uwanjani, kabla hata hajashusha mkoba, watu walijigawa makundi matatu: wanawake huku, vijana kule, wazee katikati. Walikuwa wameshapokea watathmini wanne kabla yake, na hawakutaka kumchosha mgeni. Aliposema "Habari za hapa," kundi la wanawake likajibu kwa pamoja, "Tumeshirikishwa!" Mzee mmoja akamnong'oneza ampe ishara mapema kama atataka pia wimbo, maana mpiga ngoma alikuwa shambani.

"Sitaki wimbo, baba. Nataka kuona mnachokifanya."

Wazee wakatazamana. Hilo halikuwamo katika maandalizi.

Walimwonyesha. Awamu ya Kwanza ya mradi ililetea kijiji udongo bora kutoka ng'ambo, ingawa kijiji kimekalia udongo. Awamu ya Pili ilileta meza za kukandia na mafunzo ya siku kumi ya kukanda. Wanawake wa Kingo Mbili, wanaofinyanga vyungu tangu wakiwa wasichana, waliyahudhuria yote na kumpigia makofi mkufunzi kila alipopatia. Awamu ya Tatu ilileta tanuru lenyewe: matofali mekundu, mlango wa chuma, bomba refu la moshi, na kibao chenye majina ya waliolizindua. Lilikuwa tanuru la kuvutia. Moto ulipangwa kuja katika Awamu ya Nne.

"Moto?" Sikudhani aliuliza. "Kwani hampiki?"

"Tunapika," akajibu Mbaruku. "Huo ni moto wa jikoni. Moto wa kuchomea maamuzi ni wa Serikali."

"Tofauti yake nini?"

Mbaruku alifikiri kwa uaminifu. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Wa Serikali una cheti," alisema mwishowe.

Ndipo tanuru likakaa miaka miwili bila kuwaka, na kuku akaona mlango wazi. Fomu ya Sikudhani haikuwa na neno kuhusu kuwaka. Swali la thelathini na moja liliuliza: Je, tanuru lipo? Lipo. La thelathini na mbili: Je, lina mlango? Linao. La thelathini na tatu: Wananchi wangapi wameligusa?

Sasa, asubuhi hii ya mwisho, ndani ya Nyumba ya Maamuzi, Namsifu alikuwa amevuta kiti karibu, na sauti yake ikashuka kutoka ukali hadi maombi.

"Nisikilize, Mama Mbonea." Alikuwa amemuuliza jina la mtoto wake wa kwanza tangu siku ya kwanza, na tangu hapo hakumwita jina jingine. "Ukiandika hapana, mradi unafungwa. Wanakuja na mkokoteni, wanabomoa tanuru tofali kwa tofali. Nimeliona hilo kijiji cha jirani. Ukiandika ndiyo, tunaingia Awamu ya Nne. Awamu ya Nne ndiyo yenye moto. Sasa mimi nina kosa gani kukulazimisha?"

"Na mimi nikiandika ndiyo, Ng'ambo watasoma kwamba tanuru linafanya kazi. Nani analetea moto tanuru linalofanya kazi? Watawapa pongezi, wataondoka. Mwenyekiti, mimi siwezi kuandika uongo ambao utawaumiza nyinyi wenyewe."

"Basi andika ndiyo, halafu chini yake andika lakini."

"Hapana nafasi ya lakini. Tazama. Kuna kisanduku kimoja."

Namsifu alitazama kisanduku, akakikuta kidogo kweli.

"Na hiyo Awamu ya Nne itaanza lini?" Sikudhani akauliza.

"Kuna upembuzi kwanza," Mbaruku akaeleza. "Mwaka mmoja na nusu. Miwili wakiwa makini."

Hapo mlangoni akaingia Stumai, binti wa Namsifu, na chupa ya chai mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kiuno. Alitembea kwa kutanua miguu. Sikudhani alimkagua tumbo kwa jicho la mtu aliyezaa mara nne.

"Limeshuka hilo. Umeambiwa lini?"

"Zahanati walisema wiki mbili, shikamoo mama. Lakini huyu humu ndani hajasikia habari za wiki mbili."

"Marahaba. Na zahanati iko wapi?"

Aliuliza kwa mazoea tu. Alijua iko wapi. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na jana yake Sikudhani mwenyewe alikuwa ameuvuka mto huo kwenda kuuliza swali la kumi na tisa. Katikati ya daraja mbao tisa zilikuwa zimeng'oka. Watu wa Kingo Mbili waliketi juu ya gogo kuu kama wanaopanda punda, wakajisogeza kwa makalio mpaka upande wa pili, wakisalimiana njiani. Sikudhani alijisogeza nao, akachana sketi. Chini, kwenye korongo lisiloshukika, maji yalikuwa ya magotini. Mvua za juu milimani zikianza, walimwambia, hufika hadi kwenye gogo. Na tangu alfajiri milima haikuonekana kwa wingu.

Mbao mpya zilikuwa zimerundikwa ukingoni mwa mto, karibu na uwanja, zimerandwa tayari, misumari ndani ya gunia, mafundi wawili wamekaa juu ya mbao wakicheza bao. Kigae cha daraja kilikandwa misimu mitatu iliyopita. Kilisubiri zamu ya kupelekwa Tanuruni, na Mbaruku alikuwa akikimwagia maji.

"Huyu hawezi kukalia gogo," Sikudhani alisema.

"Unanifundisha?" Namsifu akamjia juu. "Ni mwanangu! Nani asiyejua kwamba hawezi? Unadhani kwa nini tangu asubuhi nakubembeleza?"

"Unanibembeleza juu ya Awamu ya Nne, na mtoto huyo hatasubiri upembuzi."

Stumai akamimina chai, kwa kuwa alizoea wakubwa kugombana juu ya kichwa chake.

Sikudhani alifungua mkataba wake. Alikuwa mtu wa kusoma mikataba mpaka mwisho, hata sehemu zenye herufi za kuumiza macho. "Kifungu cha kumi na nne," alisema. "Mtathmini ana ruhusa ya kujaribu kifaa chochote cha mradi. Tanuru ni kifaa. Nitalijaribu. Nitaweka kigae chenu cha daraja ndani, nitawasha, na Tanuruni wakiuliza, ni jaribio la Ng'ambo. Hawatawagusa."

Alitegemea shukrani. Namsifu aliikoroga chai yake isiyo na sukari.

"Utawasha wewe," alisema.

"Mimi. Nyinyi mnalindwa."

"Na daraja litasimama kwa ruhusa yako."

"Kwa ruhusa ya kifungu."

"Mama Mbonea, usinielewe vibaya, wewe nimekupenda." Namsifu aliweka kikombe chini. "Udongo wametuletea. Kukanda wametufundisha, sisi, wafinyanzi. Sasa na moto watuwashie? Wewe kesho unaondoka. Mwakani choo cha shule kikianguka, nitatafuta wapi mtathmini mwingine mwenye kifungu? Nimwandikie barua, njoo utujaribie tanuru tena?"

Katika miaka yake ya kazi Sikudhani alikuwa ametumia neno ushirikishwaji mara elfu kadhaa, na hapa alikuwa amemshirikisha Mwenyekiti katika jambo aliloliamua peke yake. Aliukunja mkataba, akaurudisha mkobani.

"Sawa," alisema. "Nimekosea. Uamuzi ni wako."

"Si wangu. Ni wa kijiji." Namsifu aliinuka, akasimama mlangoni, akapaza sauti uwanjani, ambako makundi matatu yalikuwa bado yamekaa tangu juzi kwa ajili ya heshima. "Jamani! Kigae cha daraja tukichome wenyewe, hapa, leo?"

Kundi la wanawake likaanza, "Tumeshiri..." likakatika. Mwanamke mmoja akauliza, "Hilo ni swali la kweli?"

"La kweli."

Mafundi waliacha bao ukingoni, wakaja na gunia lao la misumari. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kwa kusitasita, ya wazee ikiwa ya mwisho, lakini ikainuka.

"Kuna tatizo," Mbaruku akasema, na wote wakamgeukia, kwa maana Serikali ilikuwa imeongea. "Uamuzi wa kuwasha moto nao ni uamuzi. Unatakiwa uandikwe kwenye kigae. Kigae hicho ni kibichi mpaka kichomwe. Na hakiwezi kuchomwa bila moto ambao chenyewe ndicho kinauruhusu."

"Kwa hiyo?" Sikudhani akauliza.

"Kwa hiyo tukiwasha leo, tutakuwa tumevunja sheria." Akahesabu kwa vidole, akinong'ona. "Kwa saa sita. Kikishaiva, tutakuwa hatujavunja."

Mjadala ulifuata, na Sikudhani aliunukuu wote kwenye daftari lake kwa kuwa hakuwahi kusikia unaofanana nao. Mzee mmoja alisema saa sita za kosa ni nyingi kwa umri wake. Mwingine akamjibu kwamba alishalala saa sita nyingi tu bila kufanya kosa wala jema, ajaribu leo. Fundi mmoja aliuliza kama kosa likikomea katikati ya moto linageuka jivu au linabaki. Stumai aliuliza kama wangeweza kukosa haraka kidogo.

"Na kigae kibichi kitapasuka," Sikudhani akakumbuka ghafla. Shangazi yake alikuwa mfinyanzi. "Mmekimwagia maji misimu mitatu. Ukikitia motoni hivyo, kinalipuka vipande."

Wanawake wote wa Kingo Mbili wakaguna. Walijua hilo kuliko yeye. Walikuwa wamelisahau kwa furaha.

Bwana Mbaruku aliliangalia kopo lake. Alilibadilisha mkono. Akaenda polepole kwenye pembe ya chumba, kwenye karai pana la bati ambamo maamuzi yalilala chini ya kitambaa, akalifunua. Kulikuwa na vigae saba vyeusi, vyenye maji yanayong'aa. Cha nane kilikuwa pembeni, juu ya tofali kavu. Kilikuwa cheupe kama mfupa.

Namsifu alikigusa. Kilikuwa kikavu mpaka ndani. Maandishi yalisomeka yote: Daraja litengenezwe.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu tumbo la Stumai lianze kuonekana," Mbaruku alisema. "Nilikuwa namwagia sakafu, pale kando yake. Kiasi kilekile. Asubuhi na jioni. Ripoti zangu zinasema maji yametumika, na yametumika kweli." Akaongeza: "Miaka kumi na sita, Mwenyekiti. Mimi pia navukia gogo."

Namsifu alimshika shati kifuani, mahali palipokuwa na alama ya nishani, akamtikisa kidogo kama mtu anayekung'uta mkeka. Kisha akauchomoa msumari kwenye gunia la mafundi, akakigeuza kigae, na upande wa nyuma uliokuwa mtupu akakwaruza kwa nguvu, unga mweupe ukimwangukia kangani: Na moto ni wa hapa.

"Upande mmoja daraja, upande mmoja moto," alisema. "Vitaiva pamoja. Mbaruku, mtoe kuku."

Haikuwa kazi rahisi. Kuku alikuwa na miezi ya ukaazi na hakutambua mamlaka yoyote. Alimdonoa Mnyunyizi wa Serikali mara mbili kabla hajakubali kubebwa, na Sikudhani akafuata nyuma na mayai kumi na moja ndani ya kofia ya mzee mmoja. Walimtafutia mahali pa joto na kivuli wakakosa, mpaka Stumai alipolinyooshea kidole karai. Vigae saba vilitolewa, vikapangwa juani kwenye ukuta, wazi, bila kitambaa. Walilikausha karai, wakatandika majani, na kuku akakaa juu ya mayai yake akiwatazama wote kwa chuki.

Kuni zilipangwa na wanawake, kwa mikono inayojua. Namsifu alikiweka kigae ndani mwenyewe. Stumai alikwenda nyumbani kwa mwendo wake wa bata, akarudi na makaa kwenye kipande cha chungu, makaa yaleyale yaliyopikia uji wa asubuhi, yasiyo na cheti. Mama yake aliyapokea, akayasukuma chini ya kuni, akapuliza.

Moshi wa kwanza ulitokea mlangoni, wa pili ukaona bomba ukapanda. Kundi la wanawake, la vijana na la wazee yalikuwa yamechanganyika, hakuna aliyekumbuka la kwake ni lipi. Ukingoni mafundi walianza kuzibeba mbao kwenda darajani, wakazilaza mahali pake moja moja, nyundo chini, misumari tayari mdomoni. Wangesubiri ngaa. Adabu ni adabu.

Sikudhani aliitoa fomu. Kwenye kisanduku cha swali la arobaini hakuandika ndiyo wala hapana. Aliandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mistari: LINAWAKA. WAMEWASHA WENYEWE. MSILETE MOTO. Akatia sahihi, akamkabidhi Namsifu aisome kabla ya bahasha kufungwa.

Bwana Mbaruku alikuwa amerudi kusimama mlangoni mwa Nyumba ya Maamuzi, kopo limejaa hadi ukingoni, akitazama huku na huku. Ilikuwa saa yake ya kunyunyiza.

"Mwenyekiti," aliita. "Na haya maji niyafanye nini?"

"Mpe kuku anywe," Namsifu alisema, bila kugeuka kutoka motoni.

Akampa.